Barua Yenye Adabu

Mie nilikuwa mwandishi wa barua. Si kazi niliyoajiriwa. Niliajiriwa karani wa masjala. Lakini pale kiwandani Mikocheni, tulipokuwa tukifungasha chai na viungo, kila mwenye shida yake alikuja mezani kwangu. Anayeomba likizo ya uzazi, aliyefiwa, anayetaka kujieleza kwa nini amechelewa siku tatu mfululizo. Fundi mmoja wa karakana alitaka kuposa Muheza, nikamwandikia barua ya posa, akakubaliwa bila hata kuulizwa anafanya kazi gani. Nilijigamba na barua ile mwaka mzima.

Mie mtu wa Tanga. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwetu mtoto aliyetamka neno chafu aliambiwa akasukutue mdomo, tena mbele za watu. Mtu hakunya, alikwenda haja. Mwanamke hakuwa na mimba, alikuwa mjamzito, na mbele ya wakwe hata huo ujamzito haukutajwa, ilisemwa tu kwamba siku hizi hajisikii vizuri. Nilikua najua kwamba Kiswahili kizuri ni kile kinachofunika. Sasa nalisema hilo kwa hasira, zamani nililisema kwa majivuno.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, wenzangu wameshuka kunywa chai, akaingia binti wa idara ya kufungasha. Mtu wa Singida, umri sawa na mwanangu wa mwisho, nilimjua kwa sura na kwa shikamoo tu. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza, amejikumbatia kwa mikono, akasema: "Mama, meneja wa uzalishaji amenibaka. Juzi Jumamosi, ghalani, wenzangu walipotoka kula. Nataka kuandika."

Nakumbuka nilichofanya kwanza: niliinuka nikafunga mlango. Halafu nikasema, "Shh! Taratibu, mwanangu. Neno hilo halisemwi hivyo."

"Linasemwaje?" akauliza.

Aliuliza kweli, hakuwa ananikejeli. Kiswahili chake cha bara kilikuwa kimenyooka, na alidhani huku pwani kuna namna nyingine ya kulisema jambo lilelile. Nikavuta karatasi, nikaandika. Barua hiyo naijua kwa moyo mpaka leo, na nitaijua nikiwa kaburini: *Nikiwa kazini siku ya Jumamosi, nilivunjiwa heshima yangu na meneja wangu, jambo lililonisononesha na kunitia simanzi isiyo kifani. Hivyo basi, kwa heshima na taadhima, naiomba ofisi yako ilitazame suala hili kwa jicho la huruma.*

Nikamsomea. Nilisoma mara mbili, na ile ya pili nilisoma kwa sababu ilinipendeza. Mungu anisamehe.

"Ndiyo inavyoandikwa?" akauliza.

"Ndivyo. Wakubwa wataelewa. Mtu mzima haelezwi kila kitu."

Akatia sahihi, herufi moja moja, akasema asante mama, akatoka. Sikumuuliza ameumia wapi. Sikumuuliza kama amekwenda hospitali. Nilijiona nimemsitiri mtoto wa watu, nikashuka kunywa chai yangu na mandazi mawili.

Siku nne baadaye waliitisha kikao. Alikuwepo afisa utumishi, mwanamama kijana mpole anayenukia vizuri, wakili wa kampuni, meneja mwenyewe, na binti, peke yake upande wa pili wa meza. Mie nilikaa pembeni kuandika muhtasari, maana hiyo nayo ilikuwa kazi yangu. Kampuni ile ilikuwa na adabu, jamani. Siku ya Wanawake ilitugawia khanga zenye nembo yake. Siku hiyo ilileta soda baridi na korosho.

Wakili akasoma barua kwa sauti, akasema imeandikwa vizuri. Kisha akamgeukia meneja. Meneja akavua miwani, akasema, "Kama nilimvunjia heshima mdogo wangu huyu, naomba radhi kutoka moyoni. Pengine nilisema neno la utani likamkwaza." Afisa utumishi akasema kampuni haivumilii watu kuvunjiana heshima, na kanuni za kazi ziko wazi: onyo la maandishi. Binti akafungua mdomo. Wakili akamwambia kwa upole, "Dada, tunajibu kilichoandikwa."

Hapo ndipo aliponitazama. Mie nilikuwa nimeinamia karatasi, naandika kwamba pande zote mbili zimeridhika. Alipewa mahali pa kutia sahihi, akatia. Nilikwenda nyumbani Mbagala jioni ile nikajiambia kwamba angalau limekwisha kwa amani. Nani alikuwa na amani, sikujiuliza.

Halikuisha. Yule binti alikuwa na shangazi yake anayeuza mboga Temeke, mwanamke asiyejua barua wala taadhima. Alipoelezwa, alimshika mkono hadi polisi, kwenye dawati la jinsia, na pale binti akasema alichokuja kuniambia mie, kwa neno lilelile. Wakaandika. Wakampa fomu ya kwenda hospitali. Lakini zilikuwa zimepita siku zaidi ya kumi, daktari akaandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa kidogo. Kesi ikafunguliwa hivyohivyo. Kampuni ikamsimamisha binti kazi kwa kuichafulia jina. Meneja ikamhamishia ofisi ya ghorofa ya juu, yenye kiyoyozi, na kumlipia mawakili wawili.

Haya yote niliyasikia kwenye korido. Mie mwenyewe nilinyamaza, nikaendelea kugonga mihuri.

Jumapili moja alasiri nilikuwa uani nafua, nikasikia hodi. Ni yeye. Alikuwa amekonda, amejifunga khanga ya shangazi yake. Nikamkaribisha, nikamtandikia mkeka, nikaanza maneno yangu: umekula, shangazi hajambo, pole kwa yote. Aliyaacha yapite kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke.

"Nilitoa ushahidi wiki iliyopita," akasema. "Wakili wake alitoa ile barua. Akaniuliza, hii sahihi ni yako? Nikasema ni yangu. Akaniuliza, hapa umeandika umebakwa? Nikasema hapana. Akasema, kwa hiyo siku ya kwanza ulivunjiwa heshima, ulipoona hupati kitu ndiyo ukabakwa. Mama, watu wazima wale walinitazama kama mwizi wa kuku."

"Mwanangu, mie nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Mie nilikuja kwako na neno langu. Ulilichukua, ukanipa la kwako. Sasa nalitaka langu."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu, kwamba mume wangu amekufa, kwamba watoto wako mbali na mie sina mtu. Yote kweli, na yote upuuzi mbele ya mtoto yule. Nikamuuliza natakiwa kufanya nini. Akasema wakili wa serikali ameniulizia: niende nikaeleze kwamba maneno ya barua ni yangu, na yeye alisema nini hasa. Aliondoka bila kunywa hata maji. Nguo zililala kwenye beseni mpaka asubuhi.

Ilinichukua wiki mbili. Siwezi kujipaka asali hapa, niliogopa. Mwanangu wa Mwanza alinipigia akasema, "Mama, achana na hao watu, utajiponza." Nikamwambia ameongea kweli. Kesho yake nikaomba ruhusa ya kwenda kliniki, barua nikaiandika mwenyewe, nzuri tu kama kawaida, nikaenda kituo cha polisi kutoa maelezo. Ndiyo, hata siku hiyo nilifunika. Mazoea yana taabu.

Sijui nani aliwapelekea habari, ila ndani ya wiki walijua. Hawakunigombeza. Yule mwanamama anayenukia vizuri aliniita, akaniuliza hali ya presha yangu, akasema kwa umri wangu masjala ina misukosuko mingi, wameona nipumzike kidogo stoo ya mafaili ya zamani, kule nyuma. Nikasema ahsante. Ndiyo kampuni ilivyokuwa, inakusukuma shimoni huku inakushika mkono usijikwae.

Stoo ilikuwa chumba kimoja, dirisha moja dogo, na mafaili hadi darini. Hakuna aliyekuja. Hapakuwa na simu. Nilizoea watu mie, kutwa nzima mlango wangu hodi hodi. Sasa nikikohoa nasikia kikohozi changu kinarudi. Saa saba nilikwenda kwa mama ntilie wetu getini, nikakaa kwenye benchi, na wanawake wa kufungasha, walewale niliowaandikia barua za uzazi na za misiba, wakachukua sahani zao wakaenda kula wamesimama kivulini kwa upande wa pili. Sikuwalaumu sana. Kila mmoja ana watoto wake, na wakubwa walikuwa wakitazama kutoka ghorofani. Lakini iliniuma, tena iliniuma mpaka nikaanza kubeba chakula changu kwenye hotpoti na kula humo humo stoo, mlango nimeurudishia. Mama ntilie ndiye pekee aliyeniuliza, "Dada, siku hizi unafunga?" Nikamwambia nafunga sunna.

Mtu asiye na kazi hufungua mafaili. Nilianza kuyapanga tu ili siku iishe. Humo nikakutana na mwandiko wangu. Barua baada ya barua, miaka na miaka, *kwa heshima na taadhima*, *kwa unyenyekevu mkubwa*. Mwanzo nilifurahi, nikawa nazisoma kama mtu anayetazama picha za harusi. Halafu nikafika kwenye barua moja ya kuomba uhamisho, na furaha ikakatika.

Ilikuwa ya rafiki yangu. Tulianza kazi mwaka mmoja, tukala meza moja, tukacheka pamoja mpaka machozi; mtoto wa Kiarabu wa Kinondoni, familia ya wenye maduka tangu enzi za babu zao. Alikuwa katibu wa ofisi ya uzalishaji, wakati ambapo meneja yule ndiyo kwanza ameingia. Barua, kwa mwandiko wangu, ilisema anaomba kuhamishwa idara *kwa sababu za kiafya zilizo nje ya uwezo wake*. Hakuhamishwa. Miezi miwili baadaye aliacha kazi, na urafiki wetu ukapoa pole pole, nami nikasema ndiyo dunia. Nilikaa na karatasi ile mapajani nikijaribu kukumbuka alikuwa anaumwa nini. Sikukumbuka, kwa sababu hakuwa anaumwa.

Jumamosi nikaenda Kinondoni. Nilimkuta dukani kwao, nyuma ya kaunta ya vitambaa, amenenepa kidogo, miwani puani. Alifurahi kuniona, jambo ambalo lilinifanya niwe mnyonge zaidi.

"We mwanamke! Umepotea kama jini!" akasema, akanitolea kiti, akaagiza kahawa.

Tukasalimiana weee, watoto, wajukuu, magoti. Kahawa ikaja. Nikashindwa kuinywa. Nikasema, "Nataka kukuuliza kitu. Ile barua niliyokuandikia ya kuomba uhamisho. Ulikuwa unaumwa nini?"

Akacheka, kisha kicheko kikamuishia. "Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo."

Mteja akaingia, anataka bitana nyeusi mita mbili. Akampimia, akaichana kwa mikono, akaikunja vizuri, akamuaga. Alipomaliza alikaa na rula yake ya mbao mkononi.

"Siku ile nilikuja kwako na jambo langu lote liko mdomoni," akasema. "Usiku kucha nilikuwa nalipanga. Nikasema, dada, nisaidie kuandika, mie na yule mtu hatuwezi kukaa ofisi moja. Hata sijafika mbali. Ukaniambia, wanaume hao ndivyo walivyo, tuweke afya, afya haiulizwi. Ukacheka. Nami nikacheka."

"Ungeniambia tu," nikasema. Wallahi, nilisema hivyo.

"Ningekuambia. Ulikuwa umeshaanza kuandika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekutajia bei. Nililia pale dukani, mtu mzima na mtandio wangu, na yeye akasogeza kahawa pembeni isimwagike, akanishika bega. Nilipotulia nikamweleza habari ya binti. Nikamuuliza kama angeweza kuja mahakamani. Alikataa papo hapo. Mume hajui, watoto hawajui, wifi yake yuko mlango wa pili. Akasema nisimtaje, na sikumtaja. Kwenye habari hii ninayoiandika ameniruhusu nimtaje, mradi nisiseme duka liko mtaa gani. Kwa hiyo binti alibaki na mie tu, na mie ndiye niliyemponza.

Nilipoitwa, nilivaa baibui langu jeusi la heshima. Kesi ya namna ile husikilizwa faragha, chumba kidogo, watu wa kuhesabu: hakimu, karani, wakili wa serikali, mawakili wawili, na meneja kwenye kiti chake, miwani ameivaa. Hakuna hata jirani wa kunitazama. Nilikuwa nimezoea upweke wa stoo, lakini ule wa kizimbani una baridi yake.

Wakili wa serikali akaniongoza vizuri, nikaeleza kwamba maneno ya barua ni yangu, ila neno lenyewe la binti nikalizunguka. Halafu akasimama mmoja wa mawakili wa meneja. Alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko changu, na mie najua kupima.

"Shahidi, nasikia pale kiwandani wewe ndiye bingwa wa kuandika."

"Ndivyo walivyokuwa wakisema."

"Bingwa wa lugha anajua tofauti ya kuvunjiwa heshima na kubakwa?"

"Anaijua."

"Basi nisaidie, mama yangu. Mtu anayejua tofauti hiyo, akiambiwa hili, ataandika lile? Au ukweli ni kwamba uliambiwa kuvunjiwa heshima, ukaandika kuvunjiwa heshima, na leo mwajiri amekuhamisha ofisi, una kinyongo?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliandaa siku nyingi, jibu refu, zuri, la stara na malezi ya pwani, na namna mtoto wa kike anavyotunziwa jina lake. Lilikuwa tayari ulimini. Nikamfikiria rafiki yangu na rula yake, nikaona kwamba lile jibu nalo ni barua nyingine. La kuvunda halina ubani.

"Kwa nini ulibadilisha?" akarudia.

"Kwa sababu sikutaka kulisikia," nikasema. "Alilisema wazi. Mie ndiye niliyeogopa. Nikaandika jingine ili nisilisikie."

Hakimu, ambaye muda wote alikuwa ameinama akiandika kwa mkono, akainua kalamu. "Rudia, shahidi. Pole pole, nakuandika. Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, meneja wa uzalishaji amenibaka.'"

Katika umri wangu wote sikuwahi kulitoa neno lile mdomoni mbele ya wanaume. Meneja alikuwa anatazama kucha zake. Wakili wake akaniuliza kama nakubali basi kwamba mie ni mtu wa kuandika uongo. Nikakubali. Akasema hana swali zaidi, akakaa ameridhika, na pengine alikuwa na haki ya kuridhika. Hukumu bado haijatoka, na sina ninaloweza kuahidi juu yake. Kazini waliniambia wiki ile ile kwamba stoo inafungwa, na kwamba wananishukuru sana kwa utumishi wangu.

Lakini siku hiyo nilitoka nikamkuta binti koridoni, kwenye benchi, mkoba wake mapajani. Shangazi alikuwa ameshuka kutafuta maji. Hakuniamkia. Hakusogea nikae, nami nikabaki nimesimama.

"Umelisema?" akauliza.

"Nimelisema."

"Lenyewe?"

"Lenyewe. Kama ulivyoniambia."

"Ameliandika?"

"Ameliandika. Nimemwona kwa macho yangu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akiwa anatazama ukuta wa mbele, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Nikafungua mkoba nitafute leso. Akaniashiria kwa mkono niache.

"Haya," akasema. "Sasa wakitaka kuniita muongo, waniite kwa neno langu."